Sysprep na Ubao Mama Mpya: Je, Unaihitaji Kweli?

Sysprep ni programu ndogo ambayo tayari imo ndani ya Windows, katika folda ya C:\Windows\System32\Sysprep, na kwa miaka mingi anayetaka kubadilisha ubao mama (motherboard) bila kusakinisha upya mfumo endeshi amekuwa akishauriwa aanze nayo. Nimeitumia kwenye kompyuta moja, kisha kwenye nyingine nikabadilisha ubao bila kuigusa kabisa, na sasa naona kwamba kwa mwenye kompyuta moja inayotumia Windows 10 au 11, chombo hiki ni kizito kuliko kazi yenyewe.

Hofu iliyowafanya watu waikimbilie ilikuwa na msingi. Windows XP ilizoea kidhibiti cha diski cha ubao iliyosakinishwa juu yake, kwa hiyo ilipohamishiwa kwenye ubao wenye kidhibiti tofauti, mara nyingi ilishindwa kuisoma diski yake yenyewe na kukwama kwenye skrini ya buluu yenye namba 0x0000007B. Tangu Windows 8 hali imebadilika sana, kwa kuwa mfumo hubeba draiva (programu zinazoendesha vifaa) nyingi za kawaida na huvitambua vifaa vipya wenyewe unapowaka.

Sysprep hufanya kazi yake kwa namna iliyo wazi. Unachagua "Generalize", unaiagiza izime kompyuta ikimaliza, nayo inafuta vitambulisho vya pekee vya mashine pamoja na usanidi wa draiva za vifaa vya zamani, ili Windows ianze kuvitambua vifaa upya itakapowashwa juu ya ubao mpya. Programu na faili zako zinabaki. Hapa pana jambo moja la kuangalia kwa makini: usiiwashe tena kompyuta kabla ya kubadilisha ubao, kwa sababu utambuzi huo utafanyika juu ya ubao uleule wa zamani na itakubidi uanze upya.

Hata hivyo, programu hii iliundwa kwa ajili ya mafundi wanaoandaa nakala moja ya Windows na kuisambaza kwenye mashine nyingi, na mtumiaji wa nyumbani huuhisi uzito huo. Haikubali kuendelea iwapo BitLocker, yaani ufungaji wa diski kwa siri wa Windows, inafanya kazi kwenye diski ya mfumo, na hukataa pia ikikuta programu ya duka la Microsoft iliyosakinishwa kwa mtumiaji mmoja tu; sababu ya kukataa huandikwa katika faili la setupact.log, ambalo si rahisi kusomwa na asiyelizoea. Ikishakubali, siku ya kwanza kwenye ubao mpya unaulizwa maswali yote ya mwanzo na kutakiwa kufungua akaunti mpya, ingawa akaunti yako ya zamani bado ipo, na baadaye inakulazimu kuifuta hiyo mpya.

Kwenye kompyuta ya pili nilitumia muda wangu katika maandalizi. Kwanza nilitengeneza nakala rudufu ya diski nzima, jambo ambalo nisingekubali kuliruka kwa njia yoyote kati ya hizi mbili. Kisha nilisimamisha BitLocker kwa muda na kuuandika ufunguo wake wa dharura wenye tarakimu 48, kwa sababu siri inayoifungua diski hulindwa na TPM, sehemu ya usalama ya kompyuta, na TPM hiyo hubaki nyuma pamoja na ubao au kichakata cha zamani. Diski yangu ilikuwa imegawanywa kwa mtindo wa zamani wa MBR, ilhali ubao mpya ulitaka ule wa kisasa wa GPT, nikaibadilisha kwa MBR2GPT, programu iliyomo ndani ya Windows 10 tangu toleo la 1703 na ambayo haifuti data. Mwisho nilipakua draiva ya mtandao ya ubao mpya na kuiweka kwenye flashi, na nilishukuru kufanya hivyo, maana Windows ilipowaka ilitambua kila kitu isipokuwa kadi hiyo ya mtandao.

Ikiwa diski haionekani au mfumo unagoma kuwaka, kabla ya kufikiria kusakinisha upya ingia kwenye UEFI (mipangilio ya ubao wenyewe) uangalie namna ya kuendesha diski: kama ubao mpya umewasha RAID au Intel VMD, ilhali ule wa zamani ulitumia AHCI. Mara nyingi kasoro iko hapo.

Kwa upande wa Linux, ambako Sysprep haihusiki, kernel (kiini cha mfumo) hubeba draiva nyingi na kikwazo cha kawaida ni kwamba orodha ya kuwashia mfumo huhifadhiwa ndani ya ubao wenyewe, hivyo huenda ukalazimika kuiandika upya kwa programu ya efibootmgr.

Uhalali wa leseni hausaidiwi na Sysprep hata kidogo. Leseni iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani kwa kawaida hufungamana na ubao wake, lakini ile iliyonunuliwa peke yake inaweza kuhamishwa. Tangu toleo la 1607 la Windows 10, mwaka 2016, unaweza kuiunganisha na akaunti yako ya Microsoft, kisha baada ya kubadilisha ubao ukaenda kwenye mipangilio ya uanzishaji na kueleza kwamba umebadilisha vifaa. Uunganishaji huo ufanywe wakati ubao wa zamani ungali unawaka.