Avatar ya Netflix, msimu wa kwanza: nguo zimewakaa, makosa yao yako wapi?

Nyumbani kwetu Chumbageni, Tanga, kulikuwa na deki moja ya DVD na kaka mmoja anayejua Kiingereza. Diski za Avatar: The Last Airbender, katuni ya Kimarekani kuhusu watu wanaoamrisha maji, ardhi, moto na hewa, zilikuwa zile za kurekodiwa, msimu mzima umebanwa kwenye diski moja, picha inakwama kila baada ya dakika kumi. Kaka alikaa kwenye mkeka mbele yetu, rimoti mkononi. Anasimamisha, anatafsiri, anaachia iendelee. Yeye ndiye aliyetupa maneno: wenye maji akawaita "waamrisha maji", wenye moto "waamrisha moto". Iroh, mzee anayesafiri na Zuko, mtoto wa mfalme aliyefukuzwa kwao, mwanzoni alikuwa Mjomba, maana Kiingereza hakitofautishi. Ilipobainika kwamba ni kaka mkubwa wa Ozai, mfalme wa Taifa la Moto na baba yake Zuko, kaka alisimamisha picha akatugeukia: "Jamani, niliwapotosha. Huyu si mjomba, ni baba mkubwa." Pale pale tukamwona mzee yule kwa jicho jingine. Kumbe anayeshinda na birika la chai ndiye aliyepaswa kukalia kiti cha enzi.

Kwa hiyo mjue nimeiangalia tamthilia hii kwa macho gani. Katuni ilianza kuonyeshwa Nickelodeon mwaka 2005, ikamalizika 2008 baada ya sehemu 61, na hakuna hata moja ambayo sijairudia.

Halafu nina kidonda cha filamu ya mwaka 2010 iliyotokana na katuni hiyo, ile ya M. Night Shyamalan. Kipande kimoja tu kinatosha. Kwenye katuni, Taifa la Moto linawafunga waamrisha ardhi kwenye mtambo wa chuma katikati ya bahari, mahali pasipo na punje ya udongo, kwa sababu ukimpa mtu huyo udongo hafungiki. Filamu ikawafunga nchi kavu, mawe na vumbi kila upande, nao wametulia tu mpaka Aang, mtoto ambaye ndiye Avatar, mtu pekee anayeweza kuamrisha vyote vinne, aje kuwakumbusha kwamba wamesimama juu ya ardhi. Kisha kundi zima linapiga miguu chini na kurusha mikono, na jiwe moja dogo linapita hewani taratibu kama limechoka. Hata jina lake walilitamka kivingine, akawa "Ong". Nilitoka pale nimeumia kweli.

Netflix wametoa ya kwao, tamthilia yenye waigizaji halisi, tarehe 22 Februari 2024, sehemu nane. Nimeiangalia na binti yangu wa miaka tisa, na sasa mtafsiri ni mimi.

Kwa macho, kazi imefanyika. Gordon Cormier ni Aang kabisa, sura ya mtoto anayecheka hata pale asipotakiwa. Appa, nyati wa angani mwenye miguu sita, ana uzito. Akitua unaamini ametua. Maji yanakwenda kama maji. Yule mzee anayebomolewa mkokoteni wake wa kabichi ameigizwa na James Sie, mtu yule yule aliyetoa sauti ya mzee huyo kwenye katuni, na nilipomwona nilipiga kofi mpaka binti akashtuka.

Ila waliobeba mzigo ni Dallas Liu, ambaye ni Zuko, na Paul Sun-Hyung Lee, ambaye ni Iroh. Na kipande kilichonigusa kuliko vyote hakimo kwenye katuni. Tunaokumbuka hadithi tunajua Zuko aliunguzwa uso na kufukuzwa baada ya kupinga, kwenye baraza la vita, mpango wa kukitoa kafara kikosi cha vijana wapya. Kwenye katuni vijana wale hatuwafahamu. Netflix wamewapa sura: ni hawa hawa mabaharia wa meli ya Zuko, wanaomnung'unikia na kumwona mtoto wa mfalme mwenye kisirani. Iroh ndiye anayemweleza luteni kwamba wako hai kwa sababu ya huyo wanayemchukia. Zuko anaporudi melini anawakuta wamesimama wima kumpa heshima. Niliisimamisha pale, nikashindwa kutafsiri kwa muda. Kitu hakikuwemo, lakini kimeota kutoka kwenye mzizi ule ule.

Ndiyo maana nawadai zaidi kwa Aang.

Kwenye katuni, sehemu ya 12 ya msimu wa kwanza, Aang anaeleza jinsi alivyopotea miaka mia moja. Wazee wa hekalu waliamua kumtenganisha na Gyatso, mlezi wake. Akasikia. Akaandika barua, akapanda Appa usiku, akakimbia. Gyatso anaingia chumbani kumwambia mtoto kwamba hatakubali wamchukue, anakuta dirisha wazi na ile karatasi. Dhoruba ikamzamisha Aang, barafu ikamfunika, na wakati amelala watu wake wote wakauawa. Alikimbia, ndilo jiwe analolibeba kifuani sehemu zote 61. Katika tamthilia, Aang anatoka na Appa kupunga upepo tu, atulize kichwa, arudi. Dhoruba inamkuta kwa bahati mbaya. Wameondoa kosa kwenye hadithi ya mtoto aliyekosa, halafu kila anayekutana naye anamlaumu kwa kutokuwepo. Mfalme Bumi ndiye aliyeniuma zaidi. Katuni ilimfanya kizee mcheshi, rafiki wa utotoni aliyengoja miaka mia moja kumkumbatia mwenzake. Hapa ni mzee aliyejaa uchungu, anamsomea mtoto mashtaka. Mashtaka gani, ikiwa mtoto alitoka kupunga upepo?

Sokka, kijana anayesafiri na Aang, naye ni hivyo hivyo. Sokka wa katuni alifika kisiwa cha Kyoshi akidharau wasichana, akapigwa chini na Suki, kiongozi wa mashujaa wa kike wa kisiwa hicho, mbele ya watu, kisha akarudi akapiga magoti, akakubali kuvaa gauni la mashujaa wale na kupakwa rangi usoni ili afundishwe. Kaka yangu alilisimamisha lile tukio akatuangalia sisi dada zake bila kusema neno. Dharau hiyo wameipunguza, nadhani kwa nia njema kabisa. Ila asiyekosea hana cha kujifunza, na Sokka huyu anaondoka Kyoshi akiwa karibu yule yule aliyefika.

Sehemu 20 kuzibana kuwa nane nako kumewaumiza. Wahusika wanasimama na kuelezana yaliyomo mioyoni kwa maneno mengi, wakati katuni ilituonyesha mkono ukitetemeka tu.

Michael Dante DiMartino na Bryan Konietzko, walioibuni Avatar, waliuacha mradi huu mwaka 2020, na kwangu mimi pengo lao linaonekana. Linganisheni na One Piece, tamthilia ya Netflix hao hao iliyotokana na hadithi ya michoro ya Kijapani, iliyopigwa picha Cape Town na kutoka Agosti 2023. Eiichiro Oda, mchoraji wake, alikuwa ndani ya kazi. Walikata mengi, walihamisha matukio, lakini Luffy, shujaa wake, anayeigizwa na Iñaki Godoy, ana moyo ule ule wa Luffy wa kwenye michoro. Mimi siombi kunakiliwa neno kwa neno. Kaka yangu mwenyewe alikuwa anaruka maneno, lakini hakuruka hata siku moja kilichomfanya mtu alie.

Machi 2024 Netflix walitangaza msimu wa pili na wa tatu, kwa hiyo hadithi itafika mwisho. Ombi langu ni kwa Iroh, akifika Ba Sing Se, mji mkuu wa Ufalme wa Ardhi. Wasiguse kile kilima cha kwenye katuni, mti, picha ya mwanawe Lu Ten aliyekufa vitani, na mzee anayeimba sauti ikikatika. Mako, aliyekuwa sauti yake kwenye katuni, alifariki mwaka 2006, na kipande kile kilitolewa kwa heshima yake. Katika msimu huu tayari wametumia muziki wa wimbo ule kwenye mazishi ya Lu Ten, Zuko amekaa kando ya baba yake mkubwa, na walikuwa watulivu, walijua wameshika nini. Toph naye, msichana kipofu anayeamrisha ardhi, wamwache awe mkorofi kama alivyo.

Nawapa nyota tatu na nusu kati ya tano, na nusu hiyo ni ya mabaharia wa Zuko. Ukiwa na mtoto, anza naye katuni. Sisi tumeianza baada ya tamthilia, sehemu mbili kila Jumamosi. Wiki iliyopita tulifika ya 12. Binti aliichukua rimoti mwenyewe, akasimamisha pale Gyatso anapoikuta barua, akaniuliza kama Aang aliwahi kuambiwa kwamba mlezi wake alikuja chumbani usiku ule.