Fundi kaufunga mguu wa mashine yangu, kijichuma kimoja kikabaki kwake

Nimekaa siku kadhaa nikingoja hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa, basi naandika hivyo hivyo.

Mashine ni ya boti, Yamaha ya hospawa 40, ile ya kuchanganya oili na petroli. Wavuvi wa Pemba wote wanaijua, sina la kueleza. Mkojo wake ulikuwa umepungua, yale maji yanayoruka nyuma, nikajua impela, kile kipira chenye mabawa kinachosukuma maji ya kuipoza mashine, imekwisha, mpira umeshakakamaa. Nikampelekea fundi mmoja upande wa Chake Chake. Watu wanamsifu, na miye nilikuwa mmoja wao. Akaufungua mguu, ile sehemu ya chini inayoingia majini, akatia impela mpya niliyoinunua mwenyewe, akafunga. Nikamwambia tuitie kwenye pipa la maji tuiwashe. Akasema, "Mzee, kazi yangu haijaribiwi kwenye pipa." Nikalipa, nikaondoka.

Tulitoka Wesha alfajiri, kusi bado changa. Mkojo ulikuwepo ila mwembamba, nikadhani mchanga umeziba tundu. Tulipokipita kisiwa cha Misali na kuanza kuukabili mkondo, pale ambapo kina ni mamia ya mita na nanga haina pa kushika, mtoto wa kaka yangu akanambia, "Ami, mashine haikojoi." Nikageuka. Matone. Nikavua kofia ya mashine, nikaweka kiganja juu ya silinda hedi, nikakiondoa mbio. Rangi ilikuwa inanuka. Nikazima.

Mkondo ukatuchukua kaskazini huku tunapiga makasia. Yule mtoto hakusema neno, alikuwa akiitazama pwani inavyozidi kuwa nyembamba tu. Jua limeshapanda ndipo mashua moja iliyokuwa inarudi kutoka dago, kambi ya wavuvi, ikatuona, Mungu awalipe, wakatufungasa mpaka Wesha.

Nyumbani nikaufungua mguu mwenyewe. Ndani ya pampu impela inang'aa, mpya kabisa. Lakini kwenye shafti pana kipengo kidogo, na kipengo kile kilikuwa kitupu. Anayeijua kazi hii ameshaelewa. Hapo hukaa kijichuma cha umbo la nusu mwezi, ukubwa wa ukucha. Hicho ndicho kinachoifunga impela na shafti zizunguke pamoja. Bila ya hicho impela imeishika shafti kwa kubana tu. Mwanzo inasukuma maji kidogo, kisha inateleza, shafti inakwenda na yenyewe imesimama, na mashine inajipika.

Na mengine yote aliyafanya sawa! Mabawa ya mpira yamelala upande mmoja, maana yake aliizungusha shafti kwa mwendo wa saa huku anakisukuma kifuniko, kama inavyotakiwa. Bomba la maji limeingia mahali pake, chuma cha gia kimeunganishwa, gasketi mpya. Hapo ndipo ninapoumia zaidi. Mtu anayejua kuyalaza mabawa vile hawezi kunambia hajui nusu mwezi. Alijua, kikamwanguka, akaona uvivu kukitafuta.

Nikautia mguu begani, nikarudi kwake. Anakula. Hakuniambia hata karibu, na Pemba hii mtu akikukuta unakula unamkaribisha hata kama ni adui yako. Akasema, "Mashine kuukuu hiyo, mnaichosha wenyewe kisha mnakuja na maneno." Juu ya meza yake pana kopo la blubendi, mna boliti za watu. Nikatia vidole, nikapekua, kikatoka, kina grisi bado. "Hicho si chako," akasema. Nikakitia kwenye shafti mbele ya macho yake. Kikakaa tiki.

Unajua alinijibu nini? "Basi lete nikufungie, utanipa elfu kumi."

Nisimdhulumu. Kwenye kabureta mkono wake ni mwepesi, na masika moja aliwahi kunitengenezea kwa mkopo nikiwa sina hata pesa ya petroli. Kwa hiyo ukiwa na shida ya kabureta au plagi, mpelekee. Mguu wa mashine, kaa pale pale mpaka boliti ya mwisho, uhesabu kila kilichotoka na kila kilichorudi, na usikubali kuondoka bila ya pipa.

Nilikuwa nimeandika hivyo jana nikaona yatosha. Leo nimekwenda kununua gasketi ya silinda hedi, ile ya zamani imeungua, na nimerudi nimemkuta mtoto wa kaka yangu amekaa barazani. Wenzake wamekwenda baharini, yeye hataki kupanda chombo. La. Hata kabureta simpelekei, na wewe usimpelekee.