MX-5 ya kwanza au ya pili kwa wikiendi za Dodoma?

Wengi wanaipendea Mazda MX-5 ya toleo la kwanza (kigari cha michezo cha viti viwili, paa la turubai linalofunguka), iliyotoka 1989, zile taa zinazoinuka kama macho ya chura. Hata mimi nazipenda. Ila gari la kwenda Mtera Jumamosi na kurudi salama, nachukua ya pili, ya 1998.

Sababu kubwa ni kioo cha nyuma. Turubai la ile ya kwanza lina dirisha la plastiki. Kwa jua na vumbi letu hugeuka njano, na ukilifuta kavukavu unalikwaruza. Ya pili ina kioo halisi. Taa zake nazo zimetulia palepale, hakuna mota ya kuziinua itakayokuja kukuzingua.

Kwa raha ya usukani, ya kwanza inashinda. Ni nyepesi zaidi, na yenye injini ya lita 1.6 haina mbio za ajabu, lakini kona unazisikia mpaka kwenye kiti.

Zote ziko chini sana, kwa hiyo matuta ya njia ya Kondoa yapande mshazari, taratibu. Kutu itafute chini ya milango, karibu na tairi za nyuma. Spea? Utaagiza tu, ndugu yangu.