Kupanda Nkungwe na vijana wa Kigoma: watu safi, hema bovu

Nyota nne nawapa watu, mbili vifaa. Ofisi siitaji; wateja wake wataijua kwa hilo hema.

Nkungwe ndiyo kilele cha Milima ya Mahale, mita 2,462. Ziwa Tanganyika lenyewe liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo ukishuka botini zinakungoja karibu mita 1,700 za kupanda kwa miguu, maana ndani ya hifadhi hakuna barabara. Wenye fedha huja na ndege ndogo. Sisi wa Mwanga, hapa Kigoma mjini, ni boti, na ukiambiwa "tunafika mchana" ujue boti ya mbao haikusudiwi.

Aliyenikosha ni kiongozi, Mtongwe wa makamo, mtu asiye na papara. Watongwe wameishi milima hii tangu kabla haijawa hifadhi mwaka 1985, na Nkungwe kwao ni mahali pa mizimu. Alituomba tupunguze kelele kule juu, nasi tukapunguza. Anajua kijito gani bado kina maji wakati wa kiangazi na kipi kimebaki mawe. Mwingine angetubebesha madumu tangu ufukweni. Sokwe waliposikika karibu, alitusimamisha na kugawa barakoa hata kabla hatujawaona, kwa sababu mafua yetu sisi kwao ni kifo. Kuna mdada mmoja wa Dar alinung'unika kwamba picha yake itaharibika. Alivaa.

Mpishi naye! Kwa jiko dogo la gesi, upepo unavuma, alitutolea ugali wa muhogo na migebuka mikavu, samaki wa ziwani, aliyoiunga kwa mawese. Nimekula hoteli za mjini zenye vitambaa mezani, sikupata mchuzi wa namna ile.

Sasa hema. Msitu ukiisha unapita mianzi, kisha nyasi tupu, na huko usiku kuna baridi ya kweli. Zipu ya mlango haifungi, turubai la juu lina tundu lililozibwa kwa selotepu, na begi la kulalia ni jepesi kama kanga. Niliporudi nikamweleza mwenye ofisi. Akanijibu, "Mama, mbona Kigoma kuna joto?"

Kwa hiyo wakodini hawa watu, ila begi la kulalia, sweta na tochi ya kichwani beba vyako. Nendeni kiangazi, Juni hadi Septemba, masika njia inateleza vibaya. Mdai mwenye ofisi akuandikie ada za hifadhi na malipo ya askari wa hifadhi mbali na gharama zake. Mimi nilipewa jumla moja kwenye karatasi ya daftari, na nililazimika kurudi ofisini ndipo nikapata risiti. Na bakshishi ya wapagazi mpe kila mmoja mkononi mwake, palepale ufukweni, kabla boti haijawashwa.