Kopo la Vijiti vya Meno: Kijiti Safi, Kifuniko Balaa

Haya, mambo vipi, karibuni tena. Usinikimbie kwanza. Ndiyo, leo tunachambua vijiti vya meno. Wiki iliyopita nimewaletea blenda, mkaniandikia eti bei za mabosi. Basi leo nina bidhaa ya shilingi mia tano. Samahani, elfu moja. Mangi kanipandishia jana. Namuuliza, kwani mianzi nayo inakunywa petroli? Ananitazama tu.

Kijiti chenyewe unakijua, sitakupotezea bando. Kinachonikera ni hiki hapa. Ngoja nisogeze kamera. Hiki kifuniko! Unakizungusha mpaka tundu liwe wazi, unapindua kopo, unatikisa, kinatoka kijiti kimoja. Ndivyo inavyotakiwa. Natikisa. Mnasikia? Chaka-chaka-chaka. Hakuna kitu. Natikisa tena. Hakuna. Naligonga kwenye kiganja hivi... haya! Saba. Nane. Na kimoja kimezama kwenye chai yangu, mmekiona wenyewe.

Sasa piga picha uko kwenye nyama choma, mkwe kakaa mbele yako, vijiti vinamwagika kwenye kachumbari. Ndiyo maana watu wanavua kifuniko chote wanaingiza vidole. Vidole hivyohivyo vilivyotoka kuvunja ubavu wa mbuzi! Anayefuata anachokoa meno na mafuta yako. Vile vinavyofungwa kimoja kimoja kwenye karatasi vimewazidi hawa mbali sana, ila mkienda watu watano karatasi zinajaa meza nzima kama kuna harusi.

Na huu uchokoaji si wa jana. Hapa kwetu Olduvai yamepatikana meno ya binadamu wa kale, ya karibu miaka milioni 1.8, yana vijifereji pembeni. Wataalamu wengi wanasema hapo palikuwa panasuguliwa na kitu chembamba, mara kwa mara. Yule mzee hakuwa na kopo wala tundu, na kazi ilifanyika.

Aliyetuletea vya kiwandani ni Charles Forster wa Boston, Marekani. Aliviona Brazili vikichongwa kwa mkono, karne ya 19, akarudi kwao akatafuta mashine. Mteja hakuna! Nani anunue kijiti na miti imejaa nje? Inasimuliwa kwamba aliwalipa wanafunzi wa Harvard waende mgahawani, wale washibe, halafu waanze kudai vijiti kwa kelele. Huyo ndiye baba wa matangazo ya mitandaoni, mimi sina pingamizi. Vijiti vikaja kuulisha mji mdogo wa Strong, kule Maine, mpaka kiwanda cha hapo kilipofungwa mwaka 2003. Leo tazama chini ya kopo langu: China. Najua mtaandika huko chini, "hata kijiti tunaagiza nje?" Mmeshaandika. Tuendelee.

Hiki cha pili kanitumia rafiki yangu, ni cha Kijapani. Tazama huku nyuma, hakina ncha. Kina shingo, kina vipete, kama kimwanasesere. Mtandaoni watakwambia uvunje hapo kiwe kiegemeo cha kijiti mezani, lakini ni urembo tu. Mimi nimekipenda kwa sababu moja: hakinichomi kidole. Hivi vyetu vya ncha mbili, ukichokoa jino huku, kidole kinachokolewa kule.

Matumizi mengine haraka haraka. Keki: choma katikati, kikitoka kikavu, imeiva. Skrubu ya bawaba imelegea? Ingiza vijiti viwili na gundi ya mbao kwenye tundu, acha ikauke, kata, funga upya. Mlango wangu wa jikoni una miezi minane haujalia. Ila usivikaange! Korea Kusini wana vya wanga, vya kijani, vijana wakaanza kuvikaanga na kuvila kwenye video, mpaka Januari 2024 serikali ikawaambia jamani, hicho si chakula.

Na ukifungia nyama kwa kijiti, kihesabu kabla ya kupakua. Sherwood Anderson, mwandishi wa Marekani, alifia Panama mwaka 1941. Alikuwa amemeza kijiti, kikamtoboa ndani.

Kuhusu chaneli: kuanzia mwezi ujao video zinatoka Jumatano, Jumapili nimeshindwa, nyumbani wamelalamika. Na ndiyo, maiki ni mpya, asanteni kwa kuligundua hilo.

Alama? Kijiti nakipa nane. Kifuniko... ngoja nimpe nafasi ya mwisho. Natikisa. Eh! Kimoja! Jamani, kimoja tu, mmeona? Kimevunjika ncha.