Jumamosi nne za demokrasia Kamalondo: je, dola 15 zinalipa?

Kwa muda wa Jumamosi nne nimehudhuria mafunzo ya uraia yanayotolewa katika ukumbi mdogo wa komini (wilaya ya jiji) ya Kamalondo, hapa Lubumbashi, juu ya swali ambalo Wakongomani wengi wamejiuliza wakiwa kwenye foleni ya kupiga kura: kwa nini demokrasia hupata shida kuota mizizi katika nchi zilizotoka kwenye ukoloni? Ada ni dola 15, chai na mandazi vikiwemo, na noti yenye mpasuko hata wa kidole hukataliwa, kama ilivyo mjini kote. Jina la waandaaji nitaliacha, kwa sababu nina malalamiko kadhaa na wao wenyewe watajitambua.

Somo la kwanza halikunishibisha. Tulisomewa tarehe kana kwamba tunasomewa orodha ya marehemu: Ghana ilipata uhuru mwaka 1957, ikawa ya chama kimoja mwaka 1964, jeshi likaipindua serikali mwaka 1966, Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961 na kufikia 1965 nayo ilikuwa na chama kimoja. Sababu iliyotolewa kwa yote hayo ilikuwa moja tu, ukabila. Mama mmoja kutoka Katuba akasimama na kuuliza: “Mwalimu, India ina lugha na dini nyingi, nayo inapiga kura tangu 1951. Wao hawana makabila?” Akajibiwa, “Mama, nitakujibu baada ya chai.” Chai ililetwa, jibu halikuletwa.

Jumamosi ya pili alikuja mwalimu mwingine, na kwa somo lake peke yake ningelipa ada yote. Alianza na jiji letu, si na nadharia. Mnamo Desemba 1957 wanaume wa Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati wa ukoloni, walipiga kura ya komini kwa mara ya kwanza, na wengi wa wakuu wa komini za Waafrika waliotokana na kura hiyo walikuwa wenye asili ya nje ya mkoa wa Katanga. Mwaka uliofuata ikaundwa CONAKAT, chama cha waliojiita Wakatanga halisi. Kisha mwalimu akatoa punje 60 za mahindi mfukoni, akazipanga mezani, akasema hilo ndilo baraza la mkoa la mwaka 1960. Akatenga punje 25 za CONAKAT, akatuomba tuunde serikali. Sheria ya wakati huo ilidai theluthi mbili ya wajumbe wawepo ukumbini, yaani 40, lakini wapinzani wa CONAKAT, yaani chama cha Balubakat cha Waluba wa Katanga na washirika wake, walitoka nje. Akazisukuma punje zao hadi ukingoni mwa meza, na zilizobaki hazikufika 40. Tukakwama. Ndipo akaufuata ubao, akaifuta ile 40 kwa kiganja. Ndivyo ilivyokuwa kweli: mwezi Juni 1960, zikiwa zimebaki siku chache tu kabla ya uhuru, bunge la Ubelgiji lilibadilisha sheria, CONAKAT ikaunda serikali ya mkoa bila Balubakat. Tarehe 11 Julai kiongozi wa CONAKAT, Moïse Tshombe, akatangaza kujitenga kwa Katanga.

Hapo nilielewa jambo ambalo kitini cha waandaaji hakikulisema wazi. Watu wetu hawakukosa kura. Walifundishwa mapema mno kwamba anayeshindwa hutoka ukumbini, na kwamba asiyetosha kwa hesabu hutafutiwa sheria nyingine. Tena waliofundishwa walikuwa nusu tu ya wananchi, kwani mwaka 1960 wanawake hawakupiga kura.

Wiki hiyo hiyo tulimchagua kiongozi wa darasa. Papa mmoja, mstaafu wa reli, alishinda kwa kura 3. Aliyeshindwa alimpa mkono, akatabasamu, na kesho yake asubuhi akafungua kundi lake la WhatsApp, akaliita “Darasa Halisi”. Nilicheka, kisha nikajiunga, kwa kuwa alikuwa anatuma picha za ubao zinazosomeka vizuri zaidi.

Somo la tatu, lililohusu fedha, lilikuwa zito lakini la lazima. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba shaba, iliundwa mwaka 1906, miaka 54 kabla ya uhuru, na serikali ya kikoloni ilizoea kuishi kwa shaba. Serikali inayolishwa na mgodi haina haja kubwa ya kumbembeleza mlipa kodi, na anayeikosa serikali hukosa kila kitu, kwa hiyo kushindwa uchaguzi huwa kama kufukuzwa kwenye sahani ya bukari, yaani ugali. Kijana mmoja alipinga kwamba Botswana nayo inaishi kwa almasi. Mwalimu alimjibu vizuri: almasi za Orapa ziligunduliwa mwaka 1967, baada ya uhuru wa 1966, wakati taratibu za kujadiliana na kuchaguana zilikwishawekwa, huku kwetu mgodi uliitangulia nchi. Hata hivyo, chama kilichotawala Botswana tangu uhuru kiliondolewa kwa kura mwaka 2024 tu, na Rais Masisi akakiri kushindwa hata kabla matokeo kamili hayajatangazwa.

Somo la nne lilikimbizwa. Miaka 24 na ushei kati ya mapinduzi ya Mobutu ya Novemba 1965 na ruhusa ya vyama vingi ya Aprili 1990 ilipewa dakika ishirini, umeme ukakatika, jenereta ikakosa mafuta, na Katiba ya 2006 tulisomewa kwa tochi ya simu. Vitini ni vya Kifaransa kitupu ingawa mazungumzo yote hufanyika kwa Kiswahili, jambo linalowaacha nyuma walewale wanaodaiwa kulengwa. Viti vya plastiki havitoshi. Fika kabla ya saa tatu asubuhi.

Nashauri mtu alipe, mradi waandaaji wakubali kuuza Jumamosi ya pili na ya tatu peke yake. Mimi cheti changu bado sijakipata. Nimeambiwa tangazo la siku ya kukichukua lilitumwa katika lile kundi la papa wa reli, nami nilikuwa nimeshahamia kwa Halisi.