Kifundo cha mguu kimeteguka: ununue nini kwanza hapa Nairobi

Ukishindwa kupiga hatua nne, au ukibonyeza mfupa wa kifundo kwa nyuma ukaruka kwa maumivu, pesa yako iwe ya eksirei kwanza. Mwongozo huu ni wa mwanamichezo wa mapigano aliyetua vibaya baada ya teke la kuruka, mguu ukapindukia ndani, ukavimba upande wa nje, lakini bado anachechemea hadi stejini.

Nambari moja ni tyubu kuukuu ya baiskeli. Usicheke. Fundi wa baiskeli atakukatia kipande cha mita moja na nusu kwa bei ya chai na mandazi. Kioshe, kifunge kwenye mguu wa kitanda, pitisha wayo ndani, kisha vuta mguu kwenda nje polepole, mara kumi na tano, seti tatu. Kano zilizovutika hulegea, na misuli ya pembeni ndiyo inayobeba kazi yake. Kisha simama kwa mguu mmoja ukipiga mswaki. Mipira ya rangi ya maduka ya michezo hufanya kazi ileile, ila unalipia rangi.

Pili, kishikizo cha kifundo (ankle brace), cha kufunga kwa kamba kama kiatu. Hiki ndicho kinachozuia mguu usipinduke tena unaporudi kwenye mkeka. Kijaribu jioni, mguu ukiwa umejaa, na uvae soksi. Katika soko la Gikomba hupatikana vya mitumba. Bandua na kubandika velikro mara kadhaa, ikishika kwa unyonge kiache. Chenye vyuma pembeni hakifai kwa mwanajudo: sheria za judo zinakataza kitu kigumu mwilini, na mwenzako wa mazoezi ana mbavu.

Tatu, bandeji ya kuvutika ya duka la dawa. Ni ya siku za mwanzo za uvimbe tu. Anza kufunga karibu na vidole ukipanda juu, na vidole vikifa ganzi au vikibadilika rangi, legeza. Ukiifanyia mazoezi ya mateke, hulegea kabla hujalowa jasho.

Nne, soksi ya kubana isiyo na kamba. Mimi niliinunua kwanza kwa sababu ilikuwa nadhifu, nikarudi mazoezini baada ya wiki mbili, na mguu uleule ukapinduka tena. Inatia joto na inakukumbusha kuwa una jeraha. Kushika, haishiki.

Mwisho kabisa, dawa za kupuliza na za kuchua. Zinafunika maumivu, na ukipigana bila kuyasikia utajua kesho yake.

Kabla ya kulipia kishikizo, ruka kwa mguu mgonjwa mara kumi, kisha mzima. Kama mgonjwa unatua kwa kuyumba, rudi kwenye tyubu wiki nyingine mbili.